Kilio Kisicho na Maiti

Kitu hicho kilianza kwa kukohoa. Jumapili saa nane mchana, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kahawa huko Ruiru, Benta anachambua mboga mlangoni kwa jirani yake Ngendo, gramafoni inalia, na katikati ya santuri aliyorekodi Absalom, mume wa Benta, mtu akakohoa.

"Umesikia?"

"Sindano imeisha makali, mama," Ngendo akasema.

Wakairudia. Safari hii alikohoa mara mbili, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye sahani ya santuri. Ngendo akaifunga gramafoni kwa leso. "Ngai! Chukua takataka za bwanako uende nazo."

Mwaka huo wa 1956, Thika mpaka Ruiru hakukuwa na mwingine kama Absalom. Gitaa, vichekesho, kuigiza sauti ya karani, ya nyapara, ya bibi kizee mlevi: versatile kabisa! Kampuni ya santuri ilimwita artist akirekodi, ikamwita boy wakati wa chai. Kwa santuri ya saba mabwana walitaka kilio cha matanga, something funny. Na huyo mjinga, Mjaluo aliyelelewa akijua kwamba mtu haombolezi pasipo maiti, akawalilia kilio kizima bila kumtaja marehemu. Upande wa pili wa sahani akacheka.

Tangu santuri itoke, Benta akimsalimu anajibiwa na bibi kizee. Akimkaribisha chakula, karani anashukuru. Ile sauti nzito ya kukwaruza, iliyomtongoza mpaka akaacha kwao, hajaisikia wiki tatu.

"Baba Perez, nijibu wewe," alinong'ona, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida. "Si hao."

Sauti ya nyapara ikamfokea.

Ndipo Benta akamleta Nafuna, mganga kutoka Thika. Mama huyo hakukaa. Alinusa, akauliza, "Nani yumo humu?"

Midomo ya Absalom haikutikisika. "Nilipigwa risasi nikatupwa kwenye mkonge," kitu kikasema kifuani mwake. "Hakuna aliyenililia. Huyu akanililia. Halafu wakageuza sahani, akanicheka."

Siku hizo za Imajensi, hali ya hatari ya Mau Mau, waliotupwa hivyo nani angewahesabu?

"Mlilie tena," Nafuna akamwamuru Absalom kwa sauti ya chini. "Kwa sauti yako mwenyewe, atatoka. Na mtu yeyote asitajwe jina humu ndani. Kilio hutafuta mwenyewe. Akitajwa mtu, huyo ndiye atakuwa marehemu, na huyu atachukua nafasi yake."

Absalom akafungua mdomo. Karani akalia. Akajaribu tena, bibi kizee akalia, kisha nyapara, kisha kitoto chenye mafua, na harufu ya udongo ikazidi mpaka Benta akahisi changarawe kwenye meno, na machozi yalikuwa ya mumewe kweli, yakimtiririka mpaka shingoni, lakini kila alichokitoa kooni kilikuwa cha mtu mwingine, na chini ya sauti zote hizo kifua chake kilikuwa kikicheka polepole, kama mtu asiye na haraka.

Benta akashindwa kuvumilia. "Uwi! Absalom! Absalom wangu, rudi!"

Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake.

Kibuyu cha dawa kikamponyoka Nafuna. "Mama, umefanya nini?"

Absalom akafuta machozi, akatabasamu. Akasema kwa ile sauti nzito ya kukwaruza, yenyewe, bila kasoro:

"Asante kwa jina, mama. Na wewe unaitwa nani?"