Sarafu Zilizosuguliwa kwa Mchanga

Kila Jumamosi asubuhi Kanyere alisugua vyombo nyuma ya nyumba yao mtaani Kimemi, mjini Butembo. Majivu, mchanga na limau, basi! Sufuria zikawaka hadi ukajiona uso. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na majirani wote walimjua kwa kusugua kwake. Hata vita vilipoleta wakimbizi mlangoni, hakuacha kazi yake.

Mmoja wa wakimbizi hao alikuwa babu yake, Koko Zorobabel. Alikuwa ametoka Kirumba bila godoro wala kuku, akikumbatia mkebe wa sarafu za kale alizozikusanya kwa miaka arobaini. Kulikuwa na zenye picha ya tembo, na zenye tundu katikati, na moja ya fedha ya mwaka 1887 yenye sura ya mfalme wa Ubelgiji. Zote nyeusi tititi. Jumamosi moja Papa Ésaïe, mkusanyaji wa vitu vya kale, angefika kutoka Beni kuzinunua, ili bibi Mariette, mke wa Koko, aliyekuwa haoni tena, afanyiwe operesheni ya macho.

Koko alipokwenda barabarani kumpokea mgeni, Kanyere alifungua mkebe.

"Ayi! Mgeni aje akute uchafu huu?"

Akazimwaga kwenye karai, akasugua hadi vidole vikamuuma. Kisha akazirudisha, akakaa kungoja sifa.

Papa Ésaïe alipofika alifungua mkebe. Aliigeuzageuza ile ya mfalme juani.

"Muzee, unanichezea? Hii imetoka kiwandani jana! Ni makuta ya bandia, pesa za uongo!"

Koko akatazama. Akachambua nyingine zote.

"Mungu wangu! Jana zilikuwa nyeusi! Nani amenifanyia hivi?"

"Waliniambia wewe ni mutu wa kweli," mgeni alisema akiinuka. "Donc, yaani nimepita mabariyeri yote ya basoda wenye bunduki kwa ajili ya uongo?"

Pale mlangoni, Kanyere alipigwa na butwaa. Kumbe weusi ule ndio thamani yenyewe! Hakuna aliyemwona akisugua. Angenyamaza, nani angejua? Lakini babu yake, mtu ambaye hakuwa amewahi kuitwa mwongo tangu azaliwe, sasa alikuwa akiitwa hivyo. Na mgeni alishashika kofia yake.

"Ni mimi, Koko!" Sauti ilimtoka kwa kilio. "Nilisugua na majivu na mchanga. Nilizani ni uchafu!"

"Na mchanga!" Papa Ésaïe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama wee, mutoto! Na mchanga?"

Kanyere alikimbia akaleta karai. Chini ya majivu zilikuwa zimebaki sarafu mbili zilizomponyoka, nyeusi bado upande mmoja. Papa Ésaïe alizichunguza kwa kioo chake cha kukuzia, akaketi tena.

"Ni za kweli. Nisamehe, muzee, nimekutukana bure. Mais, lakini huyu mfalme amekwaruzwa uso mzima. Sarafu zote hizi sasa hazifiki hata nusu ya bei ya operesheni."

Koko alilia waziwazi, mtu mzima mbele ya mgeni. Kisha akafungua vifungo vya shati. Tumboni alikuwa amejifunga kitambaa, na ndani yake vijiko sita vya fedha vya harusi yake, ambavyo hakuwa amemwonyesha mtu.

"Hivi sikutaka kuuza hata nife," alisema. "Chukua. Mariette ataona, inatosha."

Papa Ésaïe alivipokea kwa heshima pamoja na sarafu, akasema sasa bei inatimia, akakubali kumpeleka bibi hospitalini yeye mwenyewe.

Mgeni alipoondoka, Kanyere alipiga magoti. "Nipige, Koko."

"Nikupige kwa nini, mujukuu wangu? Mikono yako ni ya kazi, na moyo wako ulitaka kunisaidia. Lakini kitu cha mutu, hata ukitaka kukifanyia mema, mwenyewe anaulizwa kwanza. Ungeniuliza neno moja tu." Alimwinua. "Umenipotezea mfalme na vijiko vya harusi. Lakini ungenyamaza leo, ningezikwa na jina la mwongo."