Karafuu Zilizolowa

Kila asubuhi ya msimu wa karafuu, kijijini Gando, Mwatum alianika karafuu uwanjani pamoja na Mwanamize, shangazi yake. Mwanamize alikuwa na maradhi ya akili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Akianza kupika aliweza kuondoka akausahau moto, na kuoga alioga kwa kukumbushwa. Majirani walisema ana shetani. Mkali kuliko wote alikuwa Bi Moza, aliyeanika karafuu zake uwanja huo huo, na salamu ya Mwanamize hakuiitikia hata siku moja.

Jumamosi moja mama yake Mwatum alikwenda shambani kuokota karafuu, akamwachia Mwatum ulinzi wa zile zilizoanikwa. Mwatum alikuwa na hamu ya kucheza nage. Akamrundikia shangazi yake maagizo kwa pumzi moja: achote maji, afagie ua, aangalie karafuu, mvua ikija akunje majamvi. Kisha akatimka.

Mvua ikaja. Mwanamize alishika pembe ya jamvi, akaiachia, akakimbilia ndoo, akashika fagio. Mwishowe alisimama katikati ya uwanja akijibizana na sauti zake. Mwatum aliporudi mbio, karafuu zote, zao na za Bi Moza, zilikuwa chapachapa.

Bi Moza alifika na kamba. Alimwaga matusi, akamwamuru Bakar, mwanawe, amfunge Mwanamize kwenye mnazi. Mwanamize alijikunyata ukutani. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Akatua pakacha lake na kusimama mbele ya wifi yake.

"Leo kaziharibu, na kesho ataziharibu," alisema Bi Moza. "Mwendawazimu dawa yake kamba."

Mwatum alijua kuwa akinyamaza atapona yeye. Lakini alimwona shangazi yake anavyoitazama ile kamba, roho ikamuuma.

"Mie ndiye niliyeambiwa nizilinde," alisema. "N'kaenda kucheza."

Bi Moza alisema nyumba nzima ni ya wendawazimu, akazoa karafuu zake na kuondoka bila kuaga.

Jua lilipotoka, mama alimwita Mwanamize taratibu. "Wifi, kung'uta jamvi hili." Akalikung'uta. "Sasa litandaze." Akalitandaza. Wakaendelea hivyo mpaka karafuu zao zote zikarudi juani.

Ndipo mama alipomgeukia Mwatum. "Shangazi yako hana kosa. Mgonjwa huambiwa jambo moja, akalimaliza, ndipo akaambiwa la pili. Na wewe mzima, uliambiwa moja tu, ukalitupa."