Tumbo Tupu, Mdomoni Tonge

Nilimwambia mke wangu naenda kununua chakula cha mbwa.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na mbwa mwenyewe alikuwa mnene kiasi cha kufunga mwezi mzima asijue. Twyla alinitazama kupitia mvuke wa sufuria ya maharagwe. "Usichelewe, Orval. Mkate wa mahindi ukipoa unakuwa tofali."

Nikatoka. Jumapili, jua linazama nyuma ya vilima vyetu vya Kentucky. Na mimi, Orval Tackett, mchekeshaji mwenye kitambi, ninayelipwa kuanguka kwenye ngazi mbele ya watu wanaokula kuku, nilikuwa nakwenda kununua bastola.

Mwezi ule wezi walikuwa wamevunja nyumba mbili barabarani kwetu. Nikiwa jukwaani, Twyla hubaki peke yake. Lakini kwetu bastola ilikuwa mwiko. Kaka yake, Denver, alikufa akiwa kijana, mezani jikoni kwa mama yao, kijiko mkononi. Rafiki alikuwa anamwonyesha bastola mpya. Bastola "tupu". Siku ya ndoa niliahidi kwamba chuma cha namna hiyo hakitalala chini ya paa letu. Niliahidi mbele ya mchungaji, na mchungaji mwenyewe alikuwa na yake kiunoni.

Sasa naivunja ahadi kwa ajili ya kumlinda. Ndivyo nilivyojiambia njia nzima. Mtu akijiambia jambo njia nzima, ujue haliamini.

Maonyesho ya silaha yalikuwa yanakaribia kufungwa. Ukumbi wa uwanja wa mifugo, meza mpaka ukutani, harufu ya nyama kavu na mafuta ya chuma. Mlangoni vijana wanafunga utepe wa plastiki wa rangi ya machungwa kwenye kila silaha inayoingia, iwe kubwa iwe ndogo, ili isifyatuke ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Garnet Sizemore, bibi wa miaka sabini, mwembamba kama fagio na mwenye ulimi wa sindano.

"Haya, jukwaa limekuja!" akapaza sauti. "Unataka nini, baba? Ya kuanguka nayo?"

"Nataka nzuri, Garnet. Na rahisi."

"Kila bwana harusi anataka hivyo hivyo."

Meza za jirani zikacheka. Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye moja inayong'aa kama jino la dhahabu. Garnet akaupiga kofi. "Hiyo ni ya kupigia picha. Magazini ya akiba, kile kibweta cha risasi, huipati, spea huipati, ikikwama unabaki na nyundo. Njoo hapa." Akanionyesha moja nyeusi, iliyochubuka pembeni. "Hii ilikuwa ya askari. Miaka kumi inachomolewa kwenye ala na kurudishwa, ndiyo maana sura imekwisha. Ndani bado mwali. Maskini mwenye akili hununua hii, pesa inayobaki ananunua risasi za kujifunzia. Bastola usiyoijua ni mgeni mwenye kisu."

Akaichomoa magazini, akakoki, akaniangalizia ndani, akanipa. Nikaipokea.

Kofi jingine.

"Hujaangalia!"

"Umeangalia wewe, mbele ya macho yangu!"

"Mimi nimeangalia kwa ajili yangu. Wewe uangalie kwa ajili yako. Huku ndivyo tunavyopokeana, au mama yako hakukufunza? Magazini ni tumbo, Orval. Chemba, risasi inapokaa kabla ya kufyatuka, ni mdomo. Tumbo likiwa tupu haimaanishi mdomoni hamna tonge. Kidole!"

Nikaingiza kidole kwenye chemba, nikakitoa, nikakinusa kama mpishi anayeonja mchuzi. Watu wakacheka. Ndiyo kazi yangu.

Lakini bei ya Garnet iliuzidi mfuko wangu. Nikamwambia nitafikiria. Akasema, "Wote mnafikiria," akageuka kufungasha.

Nje giza lilikuwa linaingia. Magari machache kwenye kokoto. Nilikuwa natafuta funguo, na kusema kweli moyo ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nimeshindwa kutenda dhambi kwa kukosa hela. Mungu ana njia zake.

Hapo ndipo niliposikia harufu.

Ndizi... Ndizi zilizoiva zikapitiliza.

Dawa ya kusafishia mitutu hunukia hivyo, kila mtu kwetu anaijua. Lakini hii ilikuwa kali, kama chumba kilichofungwa nayo miaka.

"Unatafuta, kaka?"

Alikuwa amesimama karibu na gari langu. Koti la mirabamiraba, kofia imevutwa chini, sikio la kushoto halina ncha. Kifuani ameninginiza kipande cha boksi: INAUZWA. Wapo wengi wa namna hiyo kwenye maonyesho, wanazunguka na chuma chao mkononi kama muuza karanga. Ila sikuwa nimemsikia akija. Na kokoto hazimfichi mtu.

"Umenitisha, bwana! Ningekuwa na moyo wa baba yangu ungekuwa unanunua jeneza."

Hakucheka. Watu wote hunicheka, hata kwenye misiba.

Akaitoa. Nyeusi, pembeni imechubuka. Pacha wa ile ya Garnet.

"Kiasi gani?"

"Ulichonacho."

"Hujui nilicho nacho."

"Kinatosha."

Akaichomoa magazini, akanionyesha. Tupu. Kisha akanyoosha mkono, bastola ikiwa imefungwa chemba, akasema taratibu, kama mtoto anayekariri:

"Haina kitu. Nimeshaangalia."

Nilikumbuka kidole. Haki ya Mungu nilikumbuka! Lakini macho yake yalikuwa na maji, na kumwangalizia mtu silaha aliyokwisha kusema ni tupu... Mbele ya Garnet ni mchezo. Mbele ya mtu anayetaka kulia ni kama kumwita mwongo. Nikaona aibu.

Nikaipokea bila kuangalia.

Yule mtu akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mchukuzi aliyetua gunia. Mgongo wake ukanyooka. Nikainama kutoa hela, nikainua uso.

Boksi lilikuwa chini, kwenye kokoto. Mtu hakuwepo.

Ndipo ikaja hatia.

Siyo ile ya chakula cha mbwa. Hiyo naijua, ndogo, inakaa kwenye sikio inawasha. Hii iliingia tumboni nzima nzima, kama jiwe la kusagia. Kabla sijawasha gari nikajisikia nikisema, "Nisamehe." Anisamehe nani, na kwa lipi? Nikajaribu utani, nikamwambia usukani, "Hakimu, mimi nilikuja tu kuangalia bei." Mdomo ukatoa mengine. "Nisamehe, mama," nikasema. "Sikujua. Nisamehe." Mama yangu yuko Florida, anacheza karata, hajawahi kunidai hata salamu.

Nililia mpaka nyumbani. Nililia kwa jambo ambalo sikulitenda.

Nilipanga kuificha bastola kwenye banda la gari. Nilipanga kabisa. Miguu ikapita banda. Ikapanda ngazi. Ikaingia jikoni.

Twyla alikuwa amekaa mezani, kijiko mkononi, ananisubiri. Maharagwe yanatoa mvuke.

"Chakula cha mbwa kiko wapi?"

Nilitaka kusema, Twyla, kimbia. Mimi ni mtu wa jukwaa. Najua mwili unavyofanya jambo ulilorudia mara mia, akili ikiwa mbali. Mkono ukaingia kwenye koti kwa mazoezi ambayo sikuyafanya. Ukatoa bastola. Ukachomoa magazini, ukaiweka mezani kando ya bakuli. Mtu mwingine alikuwa amelirudia igizo hili, miaka na miaka, na sasa alikuwa amenipa nafasi yake.

Harufu ya ndizi ikajaa jikoni.

Kijiko cha Twyla kikabaki hewani.

Mkono wangu ukainuka. Mdomo wa bastola ukamtazama kifuani. Na mdomo wangu mimi ukafunguka kwa tabasamu, Mungu wangu, tabasamu la kijana anayejionyesha.

"Haina kitu," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Nimeshaangalia."

Kidole kikaanza kuvuta.

Polepole...

"Orval." Twyla alinong'ona. "Umeangalia wewe? Au umeambiwa?"

Swali lilinipiga kama ndoo ya maji. Maana igizo lile halikuwa na swali. Siku ile Denver alipokufa, jikoni kwa mama yao, hakuna aliyeuliza. Nilihisi yule mtu ndani yangu akitafuta jibu, akikosa, kama mwigizaji aliyesahau maneno. Katika lile pengo dogo nikapenyeza sauti yangu.

"Nime... Nimeambiwa." Machozi yakanitoka. "Nimekudanganya, Twyla. Sikwenda dukani. Nimeivunja ahadi. Na sikuangalia."

Kidole kikalegea.

"Iweke chini. Mdomo uelekee ukutani."

Nikaiweka. Akaichukua, mwanamke ambaye tangu nimwoe hajagusa chuma, akaikoki.

Klak.

Risasi moja ikaruka, ikadunda mezani, ikabingirika mpaka kwenye bakuli langu. Ilikuwa imepata kutu ya kijani, ya miaka mingi. Twyla akaacha chemba wazi, akaingiza kidole chake kidogo mpaka mwisho.

"Sasa haina kitu," akasema, na hakuwa anasema nami. Alikuwa anautazama mlango. "Nimeangalia mimi. Unasikia? Mimi."

Nje, kwenye kibaraza, mtu akashusha pumzi.

Mbwa, ambaye hubwekea hata majani, akatambaa chini ya meza.

Baadaye akaniuliza aliyeniuzia. Nikamweleza: koti, kofia, sikio lisilo na ncha. Nilipofika kwenye sikio akaniwekea mkono mdomoni.

"Coy Hensley," akasema. "Rafiki yake Denver. Sikio aling'atwa na mbwa wetu akiwa mdogo. Baada ya mazishi alikuja barazani kwa mama kuomba msamaha. Mama hakumfungulia mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, Orval. Nilimwona. Nami sikufungua." Akatazama mikono yake. "Wiki ileile walimtoa mtoni, maiti."



Asubuhi nilimpelekea Garnet ile bastola. Hakuigusa. Aliizunguka mara mbili, akauliza, "Utepe uko wapi?" Hapo ndipo nilipoona. Hakukuwa na utepe wa machungwa, wala alama ya kukatwa utepe. Silaha ile haikupita mlangoni. Akaita mchomeleaji, ikakatwa vipande, nasi tumesimama tukiangalia. Risasi Twyla aliitupa mtoni mwenyewe. Alikaa ukingoni muda mrefu akiongea na maji. Sikusogea karibu kusikiliza.

Tulinunua kufuli mbili na taa ya uani. Hatuna bastola.

Ile hatia ya Coy haikuondoka yote. Imebaki kidogo, kama harufu ya samaki kwenye nguo iliyofuliwa. Jioni mezani, Twyla akiinua kijiko, mimi huomba msamaha moyoni kwa mama mkwe ambaye sikuwahi kumwona. Sijui naomba kwa niaba ya nani. Labda sasa ni yangu.

Juma lililopita nilipanda jukwaani. Mchezo wenyewe wa kipuuzi, mimi mwizi wa benki mwenye suruali inayodondoka. Mwenzangu akanipa bastola ya mbao, ya mchezo, imechongwa na fundi wa ukumbi, haina hata tundu zaidi ya lile la mbele. Maneno yake kwenye mchezo ni, "Shika, tukaibe!"

Hakusema hivyo.

Akatabasamu. "Haina kitu," akasema. "Nimeshaangalia."

Nikasimama. Ukumbi mzima ukangoja. Nikaingiza kidole kwenye lile tundu la mbao, polepole, mpaka kikakwama. Watu wakaanza kucheka. Nikakitoa. Wakacheka mpaka uma zikaanguka, wakadhani ni utani wangu bora wa mwaka. Twyla peke yake, meza ya mbele, hakucheka. Alikuwa ameweka kijiko chini, anasubiri nimwambie kama mna kitu.

Nikakileta kidole puani.

Kilinukia ndizi.