Kisikilizi na Jina la Mkwe

Kisikilizi, mashine ya kuamua kesi, kilizungumza Kinyakyusa kama mtu aliyezaliwa Tukuyu. Kilisimama katikati ya ukumbi wa mahakama, kirefu kama mlango. Mtu akishaeleza alivyodhulumiwa, kilipitia sheria zote za haki za binadamu, kikatoa hukumu chai haijapoa, na roboti za idara ya ardhi zikatoka kwenda kuitekeleza.

Aliyekiunda ni mhandisi Tusekile. Alikiwekea sharti moja: mlalamikaji aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Maana zamani mashemeji walikuwa wakiwasemea wajane, na nyumba zikaishia kwa hao wasemaji.

Siku hiyo alisimama Atupele, mjane. Shemeji yake, Gwakisa, aliitaka nyumba anamoishi Atupele na watoto wake.

"Taja jina la aliyeijenga nyumba," kikasema kisikilizi.

"Baba mkwe wangu."

"Taja jina."

Atupele akashika upindo wa kanga yake. Kwao, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Mzee alipokuwa hai, Atupele alimpisha njia, akajifunika akisikia sauti yake. Jina la mzee halikuwahi kupita mdomoni mwake.

Gwakisa akacheka. "Ambakisye! Kuna ugumu gani, shemeji? Mimi namtaja baba hata nikipiga chafya."

Tusekile akainama karibu. "Mama, sema mara moja tu. Mzee amekufa siku nyingi."

"Amekufa, mwanangu. Kwani ameacha kuwa mkwe wangu?"

"Usiposema, nyumba inakwenda kwa huyu."

"Basi nisemee wewe."

"Kitakataa. Ndivyo nilivyokitengeneza."

Kisikilizi kikauliza mara ya mwisho. Atupele akavuta kanga mpaka machoni, akalitaja. Sauti haikupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma kibao cha duka.

"Mwanamke ana haki sawa ya makazi na mali," kikasema. "Nyumba ni ya Atupele."

Gwakisa akatoka bila kuaga.

"Hongera, mama," Tusekile akasema, akangoja furaha. Haikuja. Hata yeye aliitafuta ya kwake, hakuiona.

"Asante. Kuna maji hapo?"

Akaletewa. Akasukutua, akatema nje ya mlango, akasukutua tena.

"Watoto watalala ndani," akasema. "Mimi sijui nitaingiaje."

Kwenye mabenchi walikuwa wamekaa wajane wengine, wamesikia yote. Mmoja akainuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka. Wa pili akamfuata. Halafu wengine, polepole, kama watu wanaotoka msibani.

Tusekile alikuwa ameshika swichi ya kuliondoa lile sharti. Akiliondoa, kesho kina Gwakisa watakuja kuwasemea wajane. Hakuibonyeza. Mkono nao hakuutoa.

Kisikilizi kikaita anayefuata.