Koti la Mama Halikung'utwi

Enyi wananchi, tulieni! Mtaalamu wa usafi kutoka bweni namba tatu anawaletea elimu. Mtaalamu huyo ni mimi, niliyewahi kuvaa soksi zilezile muhula mzima.

Mama ni dobi wa hospitali. Likizo ile, wodi zilijaa wagonjwa wa kuhara na kutapika. Kila jioni alirudi na koti lake la kazi ndani ya mfuko uliofungwa.

"Asiguse mtu. Nitalichemsha mwenyewe."

"Mama, hilo koti au bomu?"

"Cheka tu, bwana mkubwa."

Siku ya tatu, mdogo wangu wa mwaka mmoja akaanza kuhara. Kesho yake alilia bila machozi. Mama alimkimbiza kwa jirani yetu, muuguzi, naye akatupeleka hospitali moja kwa moja. Njia nzima alimnywesha maji ya dawa ya chumvi, kijiko kwa kijiko.

Kando ya kitanda, Mama alificha mikono nyuma.

"Ni mikono yangu hii, dada. Nimemletea mwanangu ugonjwa."

"Ulivaa glavu?" muuguzi akauliza.

"Nilivaa. Nikizivua, nanawa kwa sabuni mpaka ngozi inachunika."

"Mashuka machafu mnayakung'uta?"

"Thubutu! Uchafu utaruka hewani. Tunayakunja taratibu, tunayatia mfukoni."

"Na koti?"

"Nalifua nyumbani. Tunafua mashuka ya wagonjwa, makoti yetu hayana wa kuyafua."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Hapo ndipo penye kosa, wala si lako peke yako. Nguo ya kazi ivuliwe kazini, ifuliwe kazini."

Mtoto alipona. Madobi wakamwendea msimamizi wao kwa pamoja. Siku hizi makoti yanalala hospitalini.

Lakini Mama bado hambebi mtoto. Akinyooshewa mikono, anamwita Baba.

Leo nimemsomea hadithi hii mpaka hapa, nikitarajia sifa.

"Nzuri," alisema. "Ila mbona hunitazami usoni, mwanangu?"

Nikajaribu mzaha. Haukutoka.

"Ni mimi, Mama. Nilifungua mfuko. Nikalikung'uta koti mara tatu, kama tunavyokung'uta mashuka bwenini kabla ya ukaguzi. Nikalivaa, nikajifanya daktari ili nimchekeshe mtoto. Mikono yako haina kosa. Alikuwa akitafuna kifungo cha koti, Mama, nami nilikuwa nacheka."