Mstari Mweupe wa Sotoka

Kwenye Lango la Mifugo la jiji la Manyoni, kisomajeli, mashine ya kupima damu, kilifanya kazi bila mkono wa mtu. Kilitandaza jeli angavu kwenye sahani, kikatoboa vishimo, kikatia majimaji ya damu ya mbuzi katika kimoja na antijeni, yaani vipande vya kirusi cha sotoka ya mbuzi, katika cha jirani. Umeme mdogo uliyasukuma yakutane upesi. Damu ikiwa na kingamwili za sotoka, zilinasana na antijeni, vikaganda na kuacha mstari mweupe. Jicho la mashine likiuona mstari, kundi lilipelekwa tanurini.

Mbuzi wa Mama Chilewa walitoa mstari. Wote.

Mfugaji huyo hakupiga kelele. Alimweleza Dakta Ndeshi Urio, aliyeiunda mashine, kwamba mbuzi wake walichanjwa, na kila aliyechanjwa hukatwa ncha ya sikio, ndiyo desturi ya kwao. Ndeshi alijibu kwamba mashine haisomi masikio.

"Basi soma wewe, mwanangu. Macho unayo."

Ndeshi aliujua upungufu ule. Mstari huonyesha kwamba mwili umekutana na adui. Hausemi kama ni kwa ugonjwa au kwa chanjo. Lakini kirusi cha chanjo kiliondolewa protini moja. Alitoboa sahani nyingine, akatia damu katikati, na mbele yake, ubavu kwa ubavu, antijeni ya chanjo na ya sotoka yenyewe. Mistari miwili ikiungana kama upinde, mnyama amechanjwa tu. Mmoja ukichomoza kama mwiba kupita pale inapokutana, damu inaijua protini ile ya ziada: ameugua.

Kipimo hicho hakitaki umeme. Jeli huachwa itende kwa mwendo wake. Mama Chilewa alitania kwamba hata mlenda, unaoteleza kama jeli ile, haumngojeshi mpishi usiku kucha.

Kesho yake sahani zote zilionyesha upinde, bila mwiba. Ndeshi akafungua zizi.

"Na wale wa shemeji yangu Malogo, waliopelekwa tanurini mwezi uliopita?" Mama Chilewa akauliza.

Ndeshi alieleza kwamba jiji lilidai majibu ya haraka, na sahani za Malogo zilisomwa kwa umeme.

"Sijauliza hivyo. Masikio yao yalikuwa yamekatwa?"

"Hatukutazama, mama."

Mama Chilewa aliwatanguliza mbuzi wake getini. Damu ya kundi la Malogo ilikuwa bado kwenye jokofu la akiba. Jibu lake lisingemrudishia mtu hata mbuzi mmoja. Ndeshi akaitoa, akatandaza jeli mpya, akauzima umeme.