Majina Ndani ya Kengele

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lamwaka alikuwa amekaa mlangoni kwao, katika kambi ya polisi, aking'arisha vifungo vya shaba vya sare ya baba yake. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku kabla ya shule. Alipomaliza, alitia mfukoni kitambaa chenye dawa ya kung'arishia shaba, akaondoka.

Saa nne darasa lake lilikuwa katika jumba dogo la makumbusho ya meli, kupita mtaa wa Bugolobi, karibu na ziwa. Palikuwa na usukani, dira, nanga yenye kutu na kengele iliyotoka katika meli iliyovunjwa zamani. Ndani ya kengele, mabaharia watatu walikuwa wameandika majina yao kwa rangi nyeusi.

Wenzake walipohamia chumba cha pili, Lamwaka alibaki nyuma. Kengele ilikuwa imeshika kutu ya kijani. Kwao kambini, shaba chafu ilikuwa aibu. Akatoa kitambaa, akaisugua nje na ndani, bila kuchungulia, mpaka ikang'aa.

Bwana Ojera, mtunza makumbusho, aliiona dakika chache baadaye. Majina yalikuwa yamefutika.

"Nani amegusa hii?"

"Aluoch," mwanafunzi mwenzao Okidi akadakia. "Alisimama hapo muda mrefu. Hawa Wakenya hawaachi kitu cha watu."

"Nilikuwa nasoma," Aluoch akasema. "Wewe ulipita kama mbuzi wa soko la Kalerwe."

Madam Babra, mwalimu wao, hakucheka. "Aluoch, leta begi tuone ulichofutia. Kama ni wewe, utakaa nyumbani wiki mbili."

Lamwaka alisikia, akakisukuma kitambaa ndani zaidi mfukoni. Maswali yaliendelea, na Aluoch alikana kila mara. Mwishowe begi lilimwagwa sakafuni: daftari, muhogo uliofungwa gazetini, soksi yenye tundu. Okidi aliinua soksi kwa ncha za vidole. Darasa likacheka. Aluoch alisimama wima akiwatazama mmoja mmoja.

"Ni mimi, Madam," Lamwaka akasema. "Kambini kwetu tunaing'arisha shaba." Akatoa kitambaa chake, sasa cheusi kwa rangi.

"Ulikuwa unangoja nini?" Aluoch akamwuliza. "Wamalize kunicheka?"

Bwana Ojera alikinusa kitambaa. "Kambini mnang'arisha shaba. Hapa tunaiacha ilivyo, na hukuambiwa. Hilo nitalisamehe. Lakini dakika ishirini nzima ulijua, ukamwacha mwenzako aaibishwe kwa ajili yako. Ukikosea, sema pale pale, kabla mtu mwingine hajaumia."

Akaokota daftari la Aluoch, akalifungua. Majina yote matatu yalikuwa yamenakiliwa: Marjan, Owuor, Abwola.

"Sisi hatukuwahi kuyaandika popote," akasema.

Madam Babra alimwamuru Okidi apange vitu vyote begini, kisha akampigia simu baba yake Lamwaka.

Saa sita kasoro dakika tano, Aluoch alisoma majina herufi moja moja, naye Lamwaka akayaandika katika rejista ya makumbusho na kutia sahihi. Aluoch akafunga daftari lake, akaenda kusimama upande wa pili wa chumba.